Gramu Sita

Naanza kabla jogoo wa kina Temba hajajikumbuka.
Rau ina ukungu, mlima haujavua shuka.
Mizani niliinunua kwa mjane wa sonara, Mtaa wa Mawenzi;
ilizoea pete za watu wanaooana,
leo inapima boroni:
gramu sita, si saba.
Ya saba huchoma kingo za majani
kama aliyepitisha kiberiti.

Nitrati ya kalsiamu siiachi mdomo wazi.
Ina uroho wa hewa: usahau kufunga mfuko
usiku mmoja wa mvua, asubuhi unakuta uji.
Kilo mbili. Namimina kidogokidogo,
nakoroga kwa mwiko wa mbege,
na ndoo inapoa, inapoa,
mpaka inatoka jasho kama chupa ya soda.
Hakuna aliyenieleza hili. Mkono ndio uliogundua:
chumvi ikiyeyuka huiba joto la maji.

Kisha chuma, vumbi jekundu, gramu hamsini.
Linashuka kama moshi uliopinduliwa
na maji yote yanavaa rangi ya rozela.

Hiyo ni A.

Kabla ya B nanawa mikono.
Kijiko kingine, kitambaa kingine, fimbo ya bomba badala ya mwiko.
Magnesi, fosfeti, ile boroni ya sonara,
na chembe za shaba, buluu,
nzuri hata naogopa kuzihema.

Mwaka juzi nilitia zote pipa moja.
Nilikuwa na haraka, na mkopo wa kikoba.
Maji yakageuka maziwa mbele ya macho yangu,
chini pakatanda jasi, nyeupe, ngumu,
ungeweza kupigia lipu ukuta.
Salfeti na kalsiamu zikikutana kali
hushikana zisiachane, mmea ukabaki mikono mitupu.
Letusi mia nne zikaoza moyoni, nje zikiwa bado zinacheka.
Akina mama wa kikoba walinidai kwa upole,
na upole ule uliuma kuliko matusi.

Watu huuliza: udongo uko wapi?
Udongo waligawana kaka zangu.
Kihamba cha Mbokomu, migomba, kahawa na makaburi,
kilikatwa vipande vinne,
mimi nikapewa mwiko wa mbege wa mama, na pole.
Nikasema haya, nitalima bomba.

Jumamosi Eliapenda, kaka mkubwa, aliteremka
na jani la nyanya ndani ya bahasha ya sadaka.
Jani la juu, changa: njano tupu,
mishipa tu ndiyo ya kijani.
"Ugonjwa gani huu, Aikande?"
Miaka arobaini, na hilo ndilo swali la kwanza
aliloniuliza akangoja jibu.
Si ugonjwa, nikamwambia. Njaa ya chuma.
Akatia kidole ndani ya ndoo. "Mbona baridi hivi?"
Nikamweleza wizi wa chumvi.
Akacheka; sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba wa mzee.
Nikampimia gramu kumi kwenye karatasi.
Bei nikamtajia.
Akasita kidogo, akalipa.

Sasa tangi kubwa, maji lita mia tano.
Lita tano za A. Zungusha. Ngoja.
Ngoja tena, usimsikilize mwenye hoteli anayepiga simu.
Ndipo tano za B.
Katika maji mengi zinapishana bila ugomvi,
kama watu waliokosana wanaokutana sokoni:
habari za nyumbani, nzuri, haya.

Hata hivyo nainama, nachungulia.
Kila asubuhi nayaogopa yale maziwa.
Naiona sarafu niliyoiangusha mwezi jana,
naiona hata namba yake, huko chini.

Nawasha pampu.