Chini ya Arobaini

Gari lilikuja Jumanne, theluji ingali juu ya paa,
Opeli ya kijivu, umri sawa na Vardges, kijana wangu wa spana.
Arusyak, muuguzi wa zamu za usiku, hakushuka mara moja.
Alishika usukani kwa vidole viwili
kama anayetafuta mapigo kwenye kiganja cha mtu.

"Linatetemeka," alisema. "Si sana.
Kati ya ishirini na arobaini, gia ya tatu,
kioo cha nyuma kinatikisika
hadi barabara nzima ya Gyumri inakuwa mbili.
Na kuna sauti, du-du-du, kama mtu anagonga
mlango wa jirani; si wako, lakini unaamka.
Nikifika hamsini linanyamaza."

Nani alikuwa analiendesha zamani?
"Gevorg, mume wangu. Yuko Krasnodar, anajenga maghorofa ya watu.
Nimempigia. Amesema: kanyaga mafuta, litanyamaza."

Funika kombe, basi. Naujua ushauri huo.
Nusu ya magari yaliyofia uani kwangu
yalifia mikononi mwake.

Tulianza na vya bure.
Vardges akachomoa waya za plagi, mmoja mmoja:
wa kwanza, injini ikachechemea; wa pili, ikachechemea;
wa tatu, wa nne, vivyo hivyo.
Silinda zote zinavuta, hakuna mtegaji.
Magurudumu? Gurudumu bovu husubiri mwendo mkali ndipo lilalamike.
Hili letu lilikuwa kinyume, lilipenda utulivu.
Ekzosi niliipiga teke. Ilikaa kimya, imara.
Nikaegesha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni:
alternata inavuma kama siku zote,
pampu ya maji inanong'ona,
hakuna anayelia.

Chai ikapoa juu ya betri.

"Kaa ndani," nikamwambia Vardges. "Breki ya mkono.
Gia ya kwanza, achia klachi kidogo, kidogo,
kama unayemwachia mtoto mkono asimame dede."
Nikainama juu ya boneti iliyo wazi.

Injini ikanyanyuka.

Upande wa kulia, vidole vitatu,
ikaning'inia,
ikashuka: du.

Raba iliyoikalisha ilikuwa imepasuka katikati,
mafuta yameila, chuma kimelalia chuma.
Kwenye kasi, mapigo hukaribiana hadi yakawa mstari mmoja,
nawe unauita mlio wa gari.
Ukienda polepole kila pigo husimama peke yake
na kukutazama.

"Limeanza lini?"
Nikamwonyesha mdomo wa mpasuko,
umelainika kama kisigino cha mzee.
"Miaka minne. Pengine mitano."
"Gevorg ana miwili tangu aondoke."
Sikujibu. Fundi akimaliza injini asiingie chumbani.

Raba mpya ilifika Ijumaa kwa basi la Vanadzor,
imefungwa kwenye soksi, sijui kwa nini.
Bei ilimfanya ahesabu noti mara mbili.
Halafu akasema: "Ile ya zamani nipe."
Nikaifunga kwenye gazeti. Iliacha doa palepale,
jeusi, juu ya habari za hali ya hewa.
"Ataniuliza fedha zimekwenda wapi," alisema,
akaiweka kwenye kiti cha abiria
na, baada ya kufikiri kidogo, akaifunga mkanda.

Nilisimama langoni na Vardges, mikono kwapani.
Alitoka taratibu. Ishirini. Thelathini.
Nyuma yake lori la mawe likapiga honi,
likapiga tena, refu, lenye matusi ndani yake.
Yeye akabaki pale pale, gia ya tatu,
kichwa ameinamisha kidogo upande,
anasikiliza.