Mlango wa Kushoto

Majira yote ya baridi kioo kiligoma.
Nilibonyeza swichi, mota ikaguna
kama mtu aliyeamshwa alfajiri, ikanyamaza.
Basi kila aliyetaka neno langu nilimfungulia mlango mzima:
mlinzi wa maegesho, muuza samaki wa moshi kule Karosta,
na Ilgvars jirani, ambaye siku hiyo upepo wa Liepāja
uliubamiza mlango kwenye goti lake.
Tangu hapo hunipungia mkono akiwa mbali.

Leo Aprili jua limetoka, la kutazama, si la kuota.
Nimetandika gunia uani, nimepiga magoti.
Miaka thelathini nilitengeneza tramu za mji huu;
sitampa kijana wa gereji euro mia mbili
kwa kazi ya skrubu saba.

Skrubu ya sita imekatika kichwa.
Haya, sita na nusu.

Ndani ya mlango giza, na harufu ya sarafu kuukuu.
Plastiki ya kuzuia maji ilishabanduka,
imelegea kama soksi.
Matundu ya chini, yanayopaswa kutoa maji,
yamezibwa na sindano za misonobari na chumvi,
chumvi ile wanayomwaga barabarani tangu Novemba
ili tusiteleze.
Hatukuteleza.
Iliingia humu, ikakaa, ikala taratibu,
mimi kando yake nikisikiliza redio.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Changu kilikuwa mlangoni.

Reli imevimba magamba ya rangi ya chai.
Nikigusa yanadondoka, na chini yake magamba mengine,
hata nikaogopa kwamba nikizidi kuchokonoa
nitakuta yote ilikuwa kutu iliyojifanya chuma.

Brashi ilifika mahali ikabadili sauti:
kavu, nyembamba.
Chuma.
Nikapumzika hapo kidogo.

Mafuta, kungoja. Msasa. Mafuta tena.
Waya wa kuvutia umebaki nyuzi nne;
nitanunua mwingine pensheni ikiingia.
Matundu nimeyazibua kwa sindano ya kufumia ya marehemu mama,
naye asingependa.
Grisi nimeipaka kwa kidole,
nene, kama siagi kwenye mkate mweusi siku ya wageni.

Halafu nikaketi nyuma ya usukani. Swichi.
Kioo kikashuka kikilalamika njia nzima.
Kupanda, kikafika theluthi mbili, kikasimama.
Nakisaidia kwa kiganja: nabonyeza, navuta,
mota na mimi,
wazee wawili wakipandisha kabati ngazini.

Ilgvars amepita na mbwa wake,
akasimama ng'ambo ya uzio.
Nikashusha kioo.
"Goti hilo?"
"Mvua ikikaribia," akasema, "linaniambia kabla ya redio."
Akautazama mlango,
akaupima upana wake kwa macho,
akasogea hatua moja.