Jedwali la Safu Tatu

Wamenipa siku tisa na jedwali la safu tatu:
kanuni ya zamani, kanuni mpya,
na safu ya mwisho, nyembamba kama ufa wa mlango,
juu yake pameandikwa: Je, lengo limefikiwa?

Kiyoyozi cha ofisi ya ramani hapa Barka
kinakohoa tangu Ramadhani.
Natandaza karatasi mezani, pembe nazibana
kwa stepla, simu, kikombe cha karak
na kiganja changu cha kushoto.

Zamani: kiwanja mita mia sita, nyumba moja,
ghorofa mbili, ukuta mtu na nusu.
Sasa: mia tatu zatosha, ghorofa nne ruksa,
chini duka ukitaka.
Lengo, kwa hati ya mkurugenzi:
nyumba elfu moja na mia mbili
kwa vijana waliojiandikisha kungoja ardhi.

Binamu yangu Muhanna ni mmoja wa vijana hao.
Alijiandikisha ana nywele.
Sasa ana mabinti wawili na kipara,
anakaa chumba cha juu kwa baba mkwe,
na tukikutana harusini huniuliza kwa Kiswahili
ili wakwe wasisikie:
"Ghaniya, kalamu zenu bado hazijapata wino?"

Nikapiga hesabu. Karatasini zikatoka
elfu moja, mia tatu na arobaini.
Nikampelekea mkurugenzi, akajibu kwa maua matatu.

Mtaka cha mvunguni, mama husema, sharti ainame.
Nikainama. Kifungu cha kumi na saba nikakikuta humo
na vumbi lake, hakuna aliyekigusa:
mita tano kutoka mpakani, kila upande,
na kila nyumba magari mawili kivulini.
Kiwanja cha kumi na tano kwa ishirini,
toa tano huku, toa tano kule,
toa mbele, toa nyuma,
kinabaki tano kwa kumi.
Egesha magari.
Sasa mwite Muhanna aje apike.

Mia tatu na kumi na mbili.
Nilirudia mara nne, mara ya mwisho kwa vidole.

Siku ya sita nikaenda mwenyewe kitalu cha saba.
Kwenye ramani ni cheupe, tambarare, kitulivu.
Pale chini mawe ni ya mviringo,
yale yanayosuguliwa na maji peke yake,
na mfuko wa saruji umenasa kwenye mgunga
juu ya kichwa changu,
mkono mzima juu ya kichwa changu.
Wadi haikualikwa kwenye kikao.
Toa themanini na nne.

Mlinzi wa eneo, Rafiqul, alinipa kivuli cha kontena lake,
kitanda, jiko la gesi, kalenda ya mwaka juzi.
"Wakishajenga, mimi nitalala wapi?"
Kanuni ya zamani: ukanda wa familia,
wanaume wasio na familia hawaruhusiwi.
Kanuni mpya: vivyo hivyo, ila herufi zimekolezwa.
Familia anayo. Alinionyesha:
mke, watoto watatu, na mbuzi aliyeingia pichani,
wote wamo simuni.
Nilitafuta safu yake kwenye jedwali.
Nilianza hata kuipigia mstari kwa penseli,
pembezoni, mahali ambapo mashine hukata.

Usiku wa siku ya tisa mkurugenzi akapiga.
"Ghaniya, mia mbili na ishirini na nane?
Namba ya kwanza ilikuwa nzuri."
"Ilikuwa nzuri," nikasema. "Haikuwa na milango."
Akanyamaza. Nikasikia na kwake
kiyoyozi kinakohoa.
"Na huu mstari wa penseli?"

Nikamwambia auache.
Sijui kama aliuacha.