Kiti ni Kesho

Basi la Witu limejaa, alisema Famau,
kalamu sikioni, macho daftarini.
Kiti ni kesho, saa kumi na moja alfajiri.
Akaupokea mkoba wangu kama mtoto wa jirani,
akausukuma chini ya meza
kati ya betri ya gari na kuku wawili waliofungwa miguu.
Basi nikawa na Mombasa nzima
na sina pa kuiweka.

Mwembe Tayari, saa mbili, jasho limeshaamka.
Mahamri manne, mbaazi za nazi kwenye sahani ya bati.
Nikaomba kijiko.
Mwenye kibanda akanitazama vidole,
kumi vyote, kimoja kimoja,
kana kwamba nimevisahau Tanga.

Kiswahili nimekulia. Nimekifundisha,
darasa la sita, miaka kumi na mmoja.
Lakini nilipouliza njia ya Ndia Kuu,
kijana wa mkokoteni wa maji alinama kwa kicheko.
"Yuwateka huyo," wenziwe wakasema,
nami nikabaki kutafuta kisima.
"Ndia ndiyo njia, mwalimu.
Waifuata ndia, yakupeleka Ndia."
Alijuaje mwalimu?
Chaki haitoki, nadhani.

Mtaa wa Biashara, leso zimepanda hadi darini.
"Wampelekea nani?" aliuliza Bwana Hirji.
Mama mkwe.
"Mh."
Nilichagua kwa rangi: zambarau,
korosho nyeupe pembeni. Jina sikulisoma.
Yeye alilisoma. Akatazama feni,
akaikunja, jina likaingia ndani,
akanipunguzia shilingi hamsini bila kuombwa.
Ningejua hapo.

Saa nane mji ulifunga milango, ukaniachia jua.
Nikashuka Likoni, maana feri haimtozi aendaye kwa miguu
na katikati pana upepo.
Nikavuka. Nikarudi. Nikavuka.
Mara ya nne feri ikasita: meli yatoka Kilindini.
Ukuta wa chuma, makontena juu ya makontena,
na jua likazimwa, dakika nzima,
baiskeli, magunia, watoto wa shule, sote kivulini.
Juu kabisa mtu mmoja alikuwa akianika shati.
Shati moja. La njano.
Nikampungia.
"Wamjua?" aliuliza mama mwenye beseni la kabichi.
La.
"Basi wampungia n'ni?"
Sikuwa na jibu. Alishusha beseni,
akapunga naye.

Usiku, Mama Ngina, mihogo ya kukaanga,
ndimu, pilipili iliyonifumba jicho la kushoto.
Watu wamekuja na wao: mke, binamu, mtoto wa viatu vya magurudumu.
Mimi nimekuja na risiti.
Gesti ya kwanza imejaa.
Ya pili ilitaka kwanza nieleze mume yuko wapi.
Nikaeleza. Hawakuridhika.
Nami, nikijisikiliza, sikuridhika sana.

Kwa hiyo benchi la Famau, chini ya balbu,
na mlinzi akisikiliza redio iliyoishiwa maneno.
Mbu walikuwa na hesabu zao.
Nikaikunjua leso, nikajifunika,
na jina likanilalia kifuani, juu chini.
Nikaligeuza. Nikalisoma kama wanavyosoma wanafunzi wangu,
kidole chini ya herufi:

USINIULIZE NILIKOLALA.

Nikacheka. Hapana,
niliteka,
hata mlinzi akapunguza redio,
na yale maji niliyoyatafuta tangu asubuhi
yakanitoka machoni.

Alfajiri. Mkoba umerudi na manyoya ya kuku.
Mama mkwe atapata halua, ratili mbili;
ni mwanamke wa haki, hula polepole
na huuliza akishashiba.
Leso nimejifunga.
Akianza, Witu, kibarazani,
ulifika lini, mbona hukupiga simu, jana ulikuwa wapi,
nitainuka kumchotea maji ya kunywa,
nimpe mgongo,
asome.