Jagi la Zeferino

Samaki mkunje angali mbichi, wasema.
Mimi ni ng'onda: miaka sitini na saba,
chumvi mpaka kwenye uti.
Lakini hapa Marinha Grande kila mpishi ajua
ng'onda akilowekwa siku mbili hulegea,
basi Jumanne jioni nikajiloweka
kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya maktaba,
mbele ya binti aitwaye Iolanda
aliyenifunza kushika kamera kama mtu ashikaye taa
akitafuta sindano iliyoanguka.

"Polepole, Senhor Adérito. Usikikimbize kitu.
Kizunguke. Kiache kikuzoee."

Nilikuja na jagi la kioo.
Kaka yangu alilipuliza mwaka wa mgomo,
pumzi yake mwenyewe, tanuri namba tatu,
na kwenye mkono wa jagi, kioo kikiwa bado uji,
koleo lilimponyoka. Pakabaki kibonyeo,
kidogo, kama alama ya ndui.
Kiwanda kikalikataa. Akalileta nyumbani chini ya koti.

Mashine haikuliona.
Mwanga uliingia ukatokea upande wa pili;
kwenye skrini tukapata meza, kivuli,
na juu yake hewa iliyochanganyikiwa.
Nilicheka. Zeferino naye alikuwa hivyo:
kumtazama unamtazama, kumwona humwoni.

Iolanda akatoa poda ya mtoto,
akalipaka kwa brashi laini, ndani na nje,
jagi likawa kama mwoka mikate saa kumi za alfajiri.
Hapo likaonekana.
Nukta elfu, elfu nyingine, wingu zima la nukta,
halafu wingu likashonwa pembetatu kwa pembetatu
likawa wavu, na wavu ukavaa ngozi.

Kisha kompyuta, kwa adabu yake, ikauliza:
Nimeona kasoro. Nirekebishe?
Iolanda akabofya ndiyo, kwa mazoea tu,
na mkono wa jagi ukanyooka, safi,
kama haujawahi kushikwa na mtu.

Miaka arobaini nilikuwa msasa.
Kalibu za chuma zilipita mikononi mwangu,
za chupa, za vifuniko, za taa za magari,
na kazi ilikuwa hiyo hiyo: kusaka kibonyeo,
kukisugua mpaka kidole kikose la kusema.
Nililipwa kwa kufuta.
Nikaisikia sauti yangu: "Kirudishe."
"Nini?"
"Kilema."
Alinitazama. Akabofya. Kikarudi.

Jaribio la kwanza liliharibika. Usiku, bila mlinzi,
ncha ya moto ilipoteza njia;
asubuhi tukakuta kiota cha tambi za rangi ya chungwa
(rangi nyingine zilikuwa zimekwisha).
La pili nililikeshea mwenyewe.
Saa kumi na moja nzima. Uzi wa wanga wa mahindi
ulinukia kama bisi zenye sukari,
tabaka juu ya tabaka, jembamba kuliko ukucha,
ncha ikienda ikirudi, ikienda ikirudi,
na mimi, niliyezoea chuma kupungua,
nilitazama kitu kikiongezeka kutoka patupu.
Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kulipokucha nikang'oa mihimili kwa koleo,
nikatia kidole gumba pale penye kilema.
Kikakaa. Karibu kikae.
Vidole vya Zeferino vilikuwa vyembamba.

Tukalijaza maji, likavuja.
Mjane wake, Deolinda, akaligeuza juu chini:
"Mbona la chungwa?"
Akalitia miiko,
akaliweka kando ya jiko.

La kioo nililiosha mwenyewe.
Poda ilitiririka, jagi likaanza kutoweka
kuanzia mdomoni,
nikalishika kwa nguvu zaidi.

Jumanne ijayo, asema Iolanda,
kila mtu alete kitu kisichong'aa.
Nimeizunguka nyumba nzima.
Nadhani nitapeleka kiatu.