Hodi ya Rada

Luthuli, orofa ya nne, mlango usio na namba.
Daktari Odera ameingia akihema,
amekumbatia kuba nyeupe ya plastiki
kama mtu anayepeleka pilau harusini.
"Ni rada, Fundi Nekesa, ya mashua yangu kule Naivasha.
Imezimika. Na kusema kweli
ningeiacha ilale, kama si mke wangu."

Siku sita hung'oa meno Hurlingham,
ya saba huenda kuelea:
watu wanne, injini moja, kikapu cha sambusa.
"Rada ni ya meli," ananiambia.
"Hii inakunywa betri kama mgeni wa Krismasi.
Mimi nina macho."
Simjibu. Bisibisi ndiyo inayojibu.

Ndani, nyigu amejenga nyumba ya udongo
juu ya mota, na mkanda umekatika.
Nabomoa. Nalehemu. Naagiza mkanda.

Jumanne, mwezi wa saba, jiji limejitanda blanketi la kijivu.
Tunapanda paani, sisi watatu,
mimi, daktari, na Mumbua mkewe,
katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo.
Nawasha. Inajipasha moto kwanza, haina haraka,
kisha mstari unazunguka kioo,
na Nairobi tusiyoiona inatokea, doa kwa doa:
maghorofa, minara, ukingo wa vilima.

"Na hili linalosogea?" Mumbua anauliza.
"Mvua. Imetoka Ngong."
Nachungulia chini: "Mama Zuhura, anua nguo!"
"Mvua gani, wewe? Hata tone sijaona!"
Daktari anacheka, anatazama saa yake.
Dakika kumi na nane.
Kisha mashuka ya Mama Zuhura yakalowa,
na daktari akaacha kucheka,
akakaa na maji yakimtiririka puani.

Hapo ndipo Mumbua akasema.
Mwezi wa tatu, asubuhi, ziwa limezibwa na ukungu,
wao wanakwenda, wanapiga soga,
na kutoka kwenye ule weupe
uso wa kijana, karibu kiasi cha kumgusa.
"Alikuwa ameshika kikombe cha chai.
Hakupiga kelele. Alikiinua tu,
kama anayetukaribisha."
Daktari aliusokota usukani. Walikwaruzana, wakapita.
Tangu siku hiyo hanywi chai mashuani.

"Chombo chake cha mbao?"
"Cha mbao."
Ningeweza kunyamaza, nipokee pesa yangu.
"Basi hata rada ingemwona kwa shida.
Na kiboko, masikio na pua tu juu ya maji,
huyo msimtegemee kabisa kuonekana."

"Si nilisema!" Daktari amepata nguvu.

Ulisema, daktari, nusu.
Rada ni mtu anayepiga hodi gizani,
mlango hadi mlango, bila kuchoka.
Chuma humwitikia. Ufuko humwitikia. Mvua pia.
Mbao hunyamaza, kama mwenye deni
aliyesikia sauti ya mwenye nyumba.
Hodi bila karibu, utajuaje kama kuna mtu?

Nikavuta kutoka chini ya meza
vipande vitatu vya bati, vimekatwa Gikomba,
vimepachikwa pembe kwa pembe, mraba kwa mraba,
kitu kisichozidi kichwa cha mtoto.
Kitundike juu ya mti, kwenye mashua yoyote.
Hodi ikija, pembe zake huirudisha
kule kule ilikotoka: karibu, nipo hapa.
Hakili umeme. Hakina swichi.

Mumbua alikigeuza mkononi muda mrefu.
"Nitengenezee kumi na moja."
"Kumi na moja za nini?" daktari akaruka.
"Kumi za wale wa pale gatini."
"Na hiyo moja?"
"Yetu. Mashua yetu si ni plastiki?
Na sisi tuonekane."

Daktari alilipa bila kuomba punguzo,
ila risiti aliidai,
na kuba yake akaishusha ngazi zote
akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili,
polepole, akiuliza kila kona:
"Kuna mtu? Napita."