Milimita Mbili

Sanduku alilonirithisha Lechipya ni la biskuti,
la bati, kutu pembeni, na ndani yake
vioo vitano vimeviringwa kwenye khanga iliyochanwa,
kila kimoja na kikaratasi cha mwandiko wake:
*Anga la Oktoba. Harusi, saa saba. Usiguse kwa vidole.*
Miaka thelathini alipiga picha nyuma ya stesheni,
nami saba ya mwisho nilimshikia taa.

Nina kishikio kipya,
nilikiagiza Kariakoo kikaja na basi la usiku
kimetiwa ndani ya soksi.
Pete yake themanini na mbili. Lenzi yangu sabini na saba.
Hiyo ina dawa: pete ya katikati,
elfu kumi na tano, unazungusha, hesi zinashikana.
Lakini mifereji!
Imechongwa kwa vioo vyembamba vya siku hizi,
na vioo vya Lechipya ni milimita mbili kamili,
vinagota mlangoni kama mgeni mwenye mizigo.
Mfereji ni moja na nusu.
Kinachopungua ni nusu milimita. Unene wa ukucha.
Unene wa neno ambalo hukumwambia mtu akiwa hai.

Nikaenda kwa Ndahani, Chang'ombe,
anayechonga vipuri vya mashine za kukamulia alizeti.
Akavua miwani, akavaa miwani nyingine.
Akapima kioo, akapima mfereji, akapima tena kioo
kana kwamba mara ya kwanza kilimwongopea.
"Mama Picha, njia ni mbili.
Tusage kioo, au tupanue mlango."
Nikasema kioo hakisagwi.
"Kwani kina nini?"
Kina nusu ya giza, nikamwambia.
Juu kijivu kama wingu la Mpwapwa, chini hakina kitu,
na katikati rangi inayeyuka, huwezi kuonyesha ilipoishia.
Kinazuia anga lisiile ardhi.
Akakiinua mlangoni, akachungulia barabara:
bodaboda, mbuzi, jua linavyopiga mabati.
Akanyamaza.
Kisha akachagua tupa ndogo kuliko zote.

Siku mbili alisaga kwa mkono.
"Mashine haina haya," alisema.
Unga wa alumini ulimkaa ndevuni kama pumba.
Akataka elfu nane, na picha ya mkewe.

Nikaenda Bahi, majaruba ya mpunga yamekauka,
chumvi imetoka juu ya udongo
kama jasho kwenye shati jeusi.
Nikafunga pete. Nikafunga kishikio. Nikateremsha kioo.
Kikaingia kwa sauti moja tu,
kama droo ya kabati la mama.
Na kikacheza. Kidogo. Ndahani alizidisha unywele.
Upepo ukapiga, kioo kikatetemeka,
mwanga ukapenya kwa nyuma, ukanichorea
mstari wa zambarau katikati ya anga.

Nikavua ndala,
nikakata kipande cha kisigino kwa wembe,
nikakipachika ubavuni.
Kikatulia.

Basi kamera yangu sasa ndiyo hii:
lenzi ya Mjapani, pete ya Mchina,
kishikio cha sijui nani, tupa ya Chang'ombe,
ndala ya Sabasaba, kioo cha marehemu.
Hakuna hata kimoja kilichozaliwa kikimjua mwenzake.

Picha ninayo. Anga limekaa mahali pake,
ardhi nyeupe inaonekana hadi mipasuko,
mwanamke anavuka na ndoo ya maji, hana haraka.
Pembeni juu, kushoto, kuna weusi:
ukingo wa kishikio umeingia kwenye picha,
maana lenzi niliifungua pana kupita kiasi.
Naweza kuukata.
Lakini kila nikitaka kuukata naona
umekaa palepale ambapo, enzi zile za taa,
kidole gumba cha Lechipya kilikuwa kikiingia
katika picha za watu,
na watu wakalipa hivyo hivyo.